Foleni ya Hewani

Kompyuta nyingi za mezani zinazouzwa Nairobi kama "ex-UK" zimetoka maofisini, na ofisi hutumia waya. Ndiyo maana unaweza kununua mashine yenye nguvu kwa bei ya simu ya kawaida, ukaibeba hadi nyumbani, ukaiwasha, halafu ukagundua haina Wi-Fi wala Bluetooth. Haijaharibika. Imezoea tu maisha ya kukaa mahali pamoja na waya mgongoni.

Dawa yake ni kadi. Unafungua ubavu mmoja wa boksi, unatafuta tundu fupi la PCI Express kwenye madabodi, unatoa kibati cha nyuma, unachomeka kadi mpaka ikae sawasawa, unakaza skrubu moja na kufunga antena mbili kwa nje. Wengi huishia hapo, kisha wanashangaa kwa nini Wi-Fi inafanya kazi na Bluetooth haionekani popote. Kwenye kadi za aina hii Bluetooth haipiti kwenye lile tundu, inapitia USB. Kuna kawaya kembamba kanakotoka kwenye kadi, na lazima ukachomeke kwenye pini za USB zilizo ndani ya madabodi. Kadi ni moja, redio ni mbili, na kila redio ina mlango wake wa kuingilia.

Mimi nilihitaji kadi kwa sababu ruta ninayotumia haiko kwangu. Iko B7, kwa jirani yangu, mwalimu anayefundisha watoto wa Wakenya walio ng'ambo Kiswahili kwa video. Tunagawana bili. Mwenye ploti hataki kusikia habari ya kutoboa ukuta, kwa hivyo waya haungewezekana. Kati ya ruta na meza yangu kuna kuta mbili za mawe. Kazi yangu nyingine, mbali na kuandika, ni kuhariri sauti za watu wenye podikasti, na faili za sauti ni nzito. Sina shida sana na kupakua. Shida yangu ni kupandisha.

Sasa, nilipokuwa nikingoja draiva iingie, nilianza kuchungulia mipangilio ya kadi. Kadi za Intel zina orodha ndefu ya vitu vya kuwasha na kuzima, vilivyofichwa kwenye ukurasa ambao mtu wa kawaida hana sababu ya kuufungua. Kimoja kinaitwa Throughput Booster. Kikiwa kimewashwa, kadi yako hurusha data kwa mfululizo, furushi juu ya furushi, badala ya kurusha kidogo na kupisha. Kinakuja kikiwa kimezimwa. Ukitafuta ushauri wa kuongeza kasi, hutakosa mtu wa kukuambia ukiwashe.

Ili uone kwa nini hilo ni swali la maadili na si la mafundi peke yao, inabidi nikueleze foleni.

Wi-Fi ya kawaida hutumia masafa ya gigahezi 2.4. Kampuni za simu hulipa mamilioni ya dola kupata masafa yao, na mwingine akiyaingilia anashtakiwa. Kipande hiki cha 2.4 hakina mwenyewe. Marekani ilikifungulia umma mwaka 1985, enzi ambapo kilionekana kama takataka, hewa ya oveni za maikrowevu na mashine za viwandani. Kiwango cha kwanza cha Wi-Fi kikatoka mwaka 1997. Hapa Kenya pia huendi kuomba leseni ili uwashe ruta ya nyumbani. Ni uwanja wa mtaa, kila mtu anaingia.

Na uwanja ni mdogo. Chaneli zimehesabiwa hadi 13, lakini ambazo unaweza kuzitumia kwa pamoja bila kukanyagana ni tatu tu: 1, 6 na 11. Kadi yangu ilipoamka ilihesabu mitandao 23 iliyo karibu. Mingine ina majina ya ruta kama ilivyotoka dukani, mmoja unaitwa LipaKwanza, mwingine UsituzoeeSana. Mitandao 23 kwenye njia tatu, saa mbili usiku, kila nyumba ikitazama kitu.

Kwa nini basi hewa haigandi kabisa? Kwa sababu kadi zina adabu. Kabla ya kusema, kadi husikiliza. Ikisikia mwingine anaongea, inanyamaza. Kukiwa kimya, haikurupuki. Inachagua namba kwa bahati nasibu, kwa kuanzia kati ya 0 na 15, kisha inahesabu kurudi nyuma, kila hesabu ikiwa sehemu chache tu za milioni ya sekunde. Ikifika sifuri, inaongea. Ikigongana na mwenzake, wote wananyamaza na kuongeza upana wa bahati nasibu, 31, kisha 63, hata kufika 1023. Yaani kadiri msongamano unavyozidi, ndivyo kila mmoja anavyojilazimisha kusubiri zaidi. Hakuna askari. Hakuna manamba. Linganisha na sisi pale kwenye mzunguko wa barabara mvua ikinyesha.

Bluetooth nayo ina adabu ya aina yake. Imegawa masafa hayo hayo katika vichochoro 79 na inarukaruka kati yake mara 1600 kwa sekunde, na tangu mwaka 2003 imefundishwa kutambua vichochoro vilivyojaa Wi-Fi na kuvikwepa. Spika yako inaimba kwa kupita pembeni.

Turudi kwenye ile swichi. Ukiiwasha hujavunja sheria yoyote. Hujaiba nywila ya mtu. Bado unapanga foleni kama wengine. Tofauti ni kwamba ukifika dirishani hushughulikiwi jambo moja na kuondoka, unatoa bahasha ya pili, ya tatu, ya nne, na walio nyuma yako wanaona mgongo tu.

Kila mtu aliyeishi ploti ya Nairobi anajua neno "busta" kutokana na maji. Maji ya kaunti huja kwa zamu. Presha ni ndogo, na kila nyumba ingepata kidogo kidogo. Halafu mtu mmoja anafunga pampu moja kwa moja kwenye bomba, inavuta, tangi lake linajaa kabla ya saa nne asubuhi, na mabomba ya majirani yanakohoa hewa. Tunamwita mwizi huyo, na ukimwuliza atakuambia yeye anatumia bomba lake mwenyewe.

Je, mimi na yeye ni kitu kimoja? Nilijaribu kujitetea. Utetezi wa kwanza ni kwamba madhara ni madogo mno. Jirani hatalala na kiu kwa sababu faili yangu ilipanda haraka. Hili lina ukweli wake, lakini lina kasoro nililoiona baada ya kulifikiria vizuri. Saa tisa usiku, hewa ikiwa tupu, swichi hainipi faida kubwa, kwa sababu hakuna wa kushindana naye. Inanifaa hasa saa mbili usiku, kwa vile faida yake ni kuniepusha na kurudi nyuma ya foleni, na foleni huwa ndefu saa hizo. Kwa hivyo siwezi kusema nimeongeza kasi bila kumgusa mtu. Kasi niliyoipata imetoka kwenye zamu za wengine. Wakati ambapo ingenifaa zaidi ndio huo huo ambapo ingewaumiza zaidi.

Utetezi wa pili ni kwamba hakuna atakayejua, na huu ndio ulionikalia kichwani. Kabla sijaacha chuo tulifundishwa Plato katika kozi moja ya lazima ambayo wengi waliitumia kulala. Katika kitabu cha pili cha Jamhuri, Glaucon anasimulia habari ya Gyges, mchungaji aliyeokota pete ya kumfanya asionekane, akamlaghai malkia, akamuua mfalme na kutwaa ufalme. Swali la Glaucon ni rahisi na ni baya: ukiwa na pete hiyo, una sababu gani ya kuwa mwema? Wakati ule niliona ni hadithi ya kitoto, nani ana pete? Sasa naona kila mtu kwenye ploti yetu anayo. Mwalimu akiganda katikati ya somo na kuanza kusema "mnanisikia? mnanisikia?", atalaumu kampuni ya intaneti. Atapiga simu, ataambiwa azime ruta na kuiwasha. Hakuna njia ya kumfikia aliyevuta hewa. Mwenye pampu ya maji tunaisikia ikinguruma.

Elinor Ostrom, mwanamke wa kwanza kupata Nobeli ya uchumi, mwaka 2009, alitumia maisha yake kuchunguza watu wanaogawana maji, misitu, malisho na samaki bila serikali wala mwenye mali kuwasimamia. Alionyesha kwamba inawezekana, na inatokea mahali pengi. Ila kati ya masharti aliyoyaona kwenye jamii zilizofaulu, mojawapo ni kwamba wanajamii wanaangaliana: nani amefungua mfereji, nani amepeleka ng'ombe wangapi. Hewani jicho hilo hatuna. Tumebaki na chaguo la mhandisi fulani wa mbali aliyeamua swichi ianze ikiwa imezimwa, na uvivu wetu wa kutofungua ukurasa ule. Mapatano yetu yanasimama kwa sababu wengi hawajui kwamba yanaweza kuvunjwa.

Hapo ndipo naona mzigo. Kadi inayosubiri zamu si njema, imeundwa hivyo. Mimi pia, kabla ya kuufungua ukurasa, sikuwa mwema wala mbaya kwa jambo hili. Kujua ndiko kulikoniletea deni. Na siwezi kulirudisha deni kwa kujifanya sikuona.

Plato angejibu kwamba mdhalimu anajivuruga nafsi. Kusema kweli, siamini kwamba nafsi yangu ingevurugika kwa ajili ya faili ya dakika 40. Ningelala fofofo. Ninachokiona kibaya ni kingine: wale 23 wanasubiri kwa kuamini kwamba foleni ni moja. Uvumilivu wao, hata ule wa kadi zao zisizo na akili, mimi ningeutumia kama mtaji wangu. Nisingechukua hewa tu. Ningechukua na imani yao, na hawangejua kwamba waliwahi kuitoa.

Kuna watakaosema, acha drama, hamia gigahezi 5. Kuna nafasi kubwa, chaneli nyingi, na masafa yale hayapenyi ukuta vizuri kwa hivyo majirani hamsumbuani. Kwangu haifiki, zile kuta mbili za mawe zinaimaliza. Lakini hata ingefika, mfano unaonijia ni wa kisima. Wenye uwezo wanachimba kisima, na ni kweli wamepunguza foleni kwenye bomba. Pia wameacha kuhudhuria mikutano ya bomba. Simu za bei nafuu nyingi mtaani zinajua 2.4 pekee, na wanaoachwa kwenye uwanja uliojaa ni wenye simu hizo. Sisemi kuhama ni dhambi. Nasema anayehama asijisifu kwamba ametatua.

Nilimwendea mwalimu. Yeye ndiye angeumia kwanza, kwa kuwa tuko kwenye ruta moja, na nilidhani akikubali basi mambo yamekwisha. Nikamweleza kwa mfano wa pampu.

"Na ukiiwasha, somo langu linakatika?"

"Si lazima, Mwalimu. Linaweza kukwama kidogo. Siku nikiwa na kazi ya haraka tu."

"Basi siku hiyo niambie, niwape watoto zoezi la kuandika. Sina neno." Akanyamaza, akakunja nguo aliyokuwa ameanua. "Lakini kijana, mimi unaniuliza kwa sababu mlango wangu unaujua. Hao wa juu utawauliza lini?"

Sikuwa na jibu na bado sina. Idhini yake ni halali, lakini inatosha B7 tu. LipaKwanza ni nani? Yuko jengo letu au lile la ng'ambo ya barabara? Nikiandika kwenye grupu ya WhatsApp ya ploti kwamba "naomba ruhusa ya kuvuta hewa kesho saa mbili hadi tatu", watadhani nimerukwa na akili, na pengine mmoja ataenda kutafuta swichi hiyo awashe yake. Hili la mwisho linanisumbua hata ninapoandika hapa. Ukitoa siri ya mlango usio na kufuli, unawaonya watu au unawaelekeza?

Kwa sasa swichi imebaki imezimwa. Faili nzito nazipandisha alfajiri, saa kumi na moja, kabla ya geti kuanza kupiga kelele. Mteja mmoja amelalamika kwamba nachelewa na ameanza kumpa kazi mtu mwingine. Saa hiyo kadi inahesabu mitandao ile ile 23, lakini mingi iko kimya, na baa inasonga bila kusimama.