Deni Kabla ya Mirathi

Kazi yangu ni kuwagawia watu mirathi, hapa Majengo, Mombasa. Warithi wakishakaa mkekani, huku kila mmoja ameshaipigia hesabu nyumba na minazi, mimi huanza na swali moja: marehemu alikuwa akidaiwa? Gharama za maziko zikishatoka, hulipwa deni, kisha wasia, ndipo warithi wagawane kilichobaki.

Kanuni hiyo ndiyo inayonifanya niiwaze asbesto. Mwaka 1960, madaktari Wagner, Sleggs na Marchand walichapisha habari za wagonjwa 33 wa mesothelioma, saratani ya utando wa mapafu, huko Afrika Kusini. Karibu wote walihusishwa na asbesto ya buluu ya Northern Cape. Baadhi yao hawakuwa wachimbaji. Waliishi tu jirani na migodi, wakalivuta vumbi lake tangu utotoni.

Saratani hiyo hujificha miaka 20 hadi 50. Inapojitokeza, mgodi umeshafungwa, aliyeuendesha amekufa, na faida imeshagawanywa. Adaiwe nani, basi?

Wako wanaosema ni kudra. Kudra naiamini, ila sijaona deni lililofutwa kwa kuitaja. Wengine husema warithi hawana hatia. Ni kweli, dhambi ya baba haimwandami mwana. Lakini deni si dhambi. Deni limeshikamana na mali, na anayeipokea mali hulikuta humo. Ndiyo maana nafurahi kwamba mwaka 2000 mahakama ya juu kabisa ya Uingereza iliwaruhusu Waafrika Kusini zaidi ya 3,000 kuishtaki jijini London kampuni ya asbesto ya Cape, iliyokwisha kuondoka nchini mwao tangu 1979. Mwaka 2003 kampuni hiyo ikakubali kulipa fidia. Kwa waliofariki wakingoja, malipo yalichelewa mno.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba asbesto ya kazini huua zaidi ya watu 200,000 kila mwaka. Kenya iliipiga marufuku mwaka 2006, lakini mapaa yake bado yamefunika nyumba na madarasa. Aliyerithi jengo la namna hiyo, awe serikali, kamati ya shule au mtoto wa mwenye nyumba, amerithi pia wajibu wa kuwaajiri wanaojua kulitoa paa hilo: lilowanishwe, lisikatwe msumeno, lizikwe mahali palipoidhinishwa. Gharama hiyo itoke kwanza, kabla ya rangi mpya na kabla ya kodi ya mwezi kuliwa. Fundi anayepandishwa juu leo bila kinga anabebeshwa deni ambalo hakulikopa.