Kuonja Si Kula

Mapema mwaka jana shangazi yangu, ambaye sisi nyumbani humwita Senga, alichaguliwa kuwa mweka hazina wa kikundi cha wanawake cha kuweka na kukopa hapa Kampala. Aliniomba nimsaidie kutunza hesabu kwa kompyuta. Kazi hiyo ndogo ndiyo iliyonipa swali ninalojadili katika insha hii: je, jambo linaloruhusiwa likifanywa mara moja, hubaki halali likirudiwa bila kikomo?

Kompyuta yangu ni ya mtumba na inatumia Ubuntu, mfumo endeshi unaotolewa bure. Programu ya hesabu ambayo kikundi kilikuwa kimeizoea hufanya kazi kwenye Windows peke yake. Sikutaka kuiondoa Ubuntu, kwa hiyo nikatumia mashine pepe. Kwa msomaji asiyeifahamu, mashine pepe ni kompyuta isiyoshikika, inayoishi ndani ya kompyuta halisi kama mpangaji ndani ya nyumba ya mtu. Programu ya bure kama VirtualBox humkatia mpangaji huyo sehemu ya kumbukumbu na sehemu ya diski, naye hujiona ana nyumba nzima. Windows 11 huhitaji angalau gigabaiti 4 za kumbukumbu na 64 za diski. Nilifuta filamu zangu nyingi ili nafasi ipatikane.

Chumba kilikuwa cha bure, lakini mpangaji alikuwa na bei. Windows 11 Home imekuwa ikiuzwa dola 139 nchini Marekani, yaani takriban shilingi laki tano za Uganda. Masharti yake pia yanasema kwamba leseni moja ni ya kifaa kimoja, kiwe halisi au pepe. Hata kama kompyuta yangu ingekuwa na Windows yake, ile ya ndani ingehitaji leseni nyingine.

Nikapata njia. Microsoft hutoa toleo la majaribio la Windows 11 Enterprise, la siku 90, ili mtu alipime kabla ya kuamua. Siku zinapoisha, unaifuta mashine pepe na kuunda nyingine. Hiyo mpya ni kama mtoto mchanga asiye na jana, na hesabu ya siku 90 inaanza tena. Nilifanya hivyo mara mbili, na ukweli ni kwamba nilijisifu. Sikuvunja kufuli lolote wala sikutumia ufunguo wa wizi. Kila kitu nilikuwa nimepewa na mwenyewe.

Senga ndiye aliyenizindua. Jioni moja alikuwa akiandika matumizi ya kikundi katika daftari: karatasi, muhuri, nauli ya kwenda benki. Akafika kwenye mstari wa kompyuta.

"Niandike nini hapa, mwanangu?"

"Andika bure, Senga."

"Bure ya nani? Wenzangu wataniuliza nani katupa."

Sikuwa na jibu. Ningesema kampuni imetupa, ningedanganya, kwa sababu kampuni ilitupa siku 90 za kujaribu, nasi tulikuwa tukifanya kazi kwa miezi minane.

Fikiria mama anayeuza karanga sokoni. Anakuruhusu uonje punje mbili tatu, kwa sababu anajua mteja hawezi kununua asichokijua. Sasa chukua mtu anayeonja, anaenda kubadilisha shati, anarudi kuonja tena, mpaka jioni ameshiba. Kila punje aliyoila ilikuwa na ruhusa, lakini shibe yake haikuwa nayo. Ruhusa ya kuonja ilitolewa kwa kusudi fulani, na anayeichukua ruhusa akaliacha kusudi amechukua kitu ambacho hakupewa. Mashine pepe ilikuwa shati langu la kubadilisha. Iliweza kusahau siku zilizopita, lakini mimi nilizikumbuka zote.

Najua nitakavyopingwa, kwa maana nilijipinga mwenyewe hivyo hivyo. Kwanza, watasema kampuni ni tajiri na haikupungukiwa na chochote. Huenda ni kweli. Lakini kama utajiri wa mwenye mali ungekuwa kipimo, uaminifu tungekuwa na deni nao kwa maskini peke yao, na kila mmoja wetu angejipa mamlaka ya kuamua nani ametajirika kiasi cha kutostahili kuambiwa ukweli.

Hoja ya pili ni nzito zaidi. Dola 139 hazina uzito mmoja kwa mfanyakazi wa Marekani na kwa mwanafunzi wa Kampala. Bei inayopuuza kipato ina kasoro, nami siitetei. Hata hivyo, hila yangu haikuigusa bei hiyo. Niliikwepa kimyakimya, na aliyekuja baada yangu aliikuta pale pale. Tena, naamini ukwepaji wa aina hii hutudhuru sisi wenyewe. Mwaka 2004, mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zenye menyu za Kiswahili, bila malipo. Kazi kama hiyo hukua ikiwa na watumiaji. Tunapochukua kilicho ghali kwa mlango wa nyuma, tunaacha kukitumia, kukikosoa na kukiboresha kile ambacho tumefunguliwa mlango wa mbele.

Sisemi kwamba mashine pepe ina kosa. Aliyenunua leseni ana haki ya kuitumia humo, na anayetaka kupima kwa dhati azitumie siku zake 90 kwa amani. Wala sisemi kwamba kuacha hila hakuna gharama. Nilitumia wiki mbili kuhamishia hesabu kwenye LibreOffice. Ripoti ambazo zamani zilitoka kwa kubonyeza mara moja, sasa nazitengeneza kwa mkono, na wanachama wawili walilalamika kwamba hazipendezi kama zile za kwanza. Wahenga walisema rahisi huvunja upishi. Mimi nimejifunza kwamba hata halali huchosha mpishi.

Lakini wanawake wale huweka fedha zao kwa Senga kwa sababu daftari lake linasema kweli, mstari kwa mstari. Nisingeweza kuwatunzia hesabu safi juu ya msingi ambao sithubutu kuuandika. Siku tuliyomaliza kuhamisha, alilifungua tena daftari, akaniuliza swali lile lile. Safari hii aliandika: "Programu ya hesabu: bure, wenyewe wameruhusu."