Kuitika Bila Kuinuka

Strace ni shahidi. Ukiikabidhi programu nyingine, inakuandikia kila ombi ambalo programu hiyo inapeleka kwenye kiini cha mfumo: faili gani imefunguliwa, nini kimesomwa, wapi imekataliwa. Paul Kranenburg aliiandika mwaka 1991 kwa ajili ya SunOS. Chaguo la -f lilifuata michakato inayozaliwa kwa fork. La -F lilijaribu kufuata ile ya vfork. Siku hizi -f hufuata yote, na -F limebaki jina tu. Ukiliandika peke yake, linafanya kazi ya -f. Ukiliandika pamoja na -f, linapuuzwa.

Kwa nini lisifutwe? Kwa ajili ya skripti za zamani, ambazo zingekwama. Ni huruma, na siibezi.

Lakini tumelelewa kuitika tukiitwa, na kila mtoto anaujua ujanja wa kujibu "abee!" kutoka chumbani bila kuinuka. Asingejibiwa, mama angekuja mwenyewe. Akishajibiwa, anangoja. Hapo mtoto hakuwa mvivu tu. Amemzuia mama kutafuta njia nyingine.

Madhara ya -F ni madogo, nakubali. Ila hiki ni chombo tunachokiendea pale tusipoamini programu nyingine zinasema nini. Matoleo ya karibuni hutoa onyo kwamba chaguo hilo limepitwa na wakati. Vizuri. Lakini onyo linahitaji msomaji, na skripti inayojiendesha saa nane usiku haina mtu mbele ya skrini. Mimi ningeliondoa: skripti ikwame, mwenyewe aikute asubuhi.