Jumamosi Hii, Saa Kumi na Mbili

Ndugu yangu wa Kasese, Jumamosi hii amka kabla jua halijapanda. Joto la bondeni kwetu unalijua: ikifika saa nne kila mtu anatafuta kivuli. Lakini alfajiri hewa ina ubaridi, mawingu hayajaufunika mlima, na ukibahatika utaiona theluji ya Rwenzori, nawe umesimama jirani kabisa na ikweta. Watu wanapanda ndege kutoka Ulaya kuifuata theluji hiyo. Wewe unahitaji viatu tu.

Anzia Rwenzori Square, pale mjini kati. Usipakatize tu ukienda sokoni. Zunguka mara tatu, kisha ukae. Mlete mama, walete watoto wakimbie. Siku pakiwa na ngoma, nenda ukasimame na wenzako, usisubiri kusimuliwa. Nalisema hili kwa uchungu: uwanja wa umma hulindwa na miguu ya wenye mji. Ukijaa watu kila wiki, nani atathubutu kuuzungushia mabati? Ule usiokanyagwa ndio tunaoamka asubuhi tukakuta umeshapata mwenyewe.

Ukizoea, shika njia ya Kilembe, ukiandamana na mto Nyamwamba. Shaba ya huko juu ndiyo iliyoileta reli Kasese mwaka 1956. Siku hizi macho yanavutwa na mawe, makubwa kama vibanda, yaliyosukumwa na mto katika mafuriko ya Mei 2013, na tena Mei 2020. Msimamishe mtoto mbele ya jiwe moja, aliguse, umweleze kwa nini miti ya kingoni haikatwi. Hatasahau. Huko mbele njia inaingia msituni na kupanda mpaka Margherita, mita 5,109, kilele cha tatu kwa urefu Afrika. Leo huendi huko. Leo fika daraja la kwanza, urudi.

Nanyi wa Bwera, msiniambie siku ya soko la Mpondwe mnatembea vya kutosha. Kutembea na mzigo kichwani ni kazi, na mwili unajua tofauti. Nawaomba saa moja tu mikono mitupu, jioni, mkiteremka kuelekea mto Lhubiriha, Congo ikionekana ng'ambo, mkisalimiana na watu wa Kasindi kwa Kiswahili kilekile cha biashara, ila safari hii bila kupatana bei.

Tangu 2022 tuna Rwenzori Marathon, na wageni wanakuja kutokwa jasho kwenye barabara zetu. Ipo mbio ya kilomita 42, ipo na ya 5. Ya 5 unaiweza! Jumamosi hii mizunguko mitatu, ijayo minne, na siku ya mbio usisimame pembeni kupiga makofi. Mpigie jirani simu usiku huu: saa kumi na mbili, pale uwanjani, na atakayechelewa ndiye atakayenunua chai.