Pishi Moja ya Mana

Je, kupiga picha za familia ni kushukuru au ni kung'ang'ania? Huku chini ya Kilimanjaro, Aprili watoto husimama kati ya mahindi mabichi. Agosti yamebaki mabua, na pengine bibi aliyekuwemo pichani ametutoka. Picha haikumzuia.

Jangwani, mana iliyobakizwa hadi asubuhi kwa kutotii iliharibika. Lakini Mungu huyohuyo aliagiza pishi moja itunzwe, vizazi vijavyo vione alivyowalisha watu wake. Kulimbikiza kwa hofu ni kumtilia shaka Mungu wa kesho. Kutunza kidogo kwa ushuhuda ni imani.

Basi, mpendwa, piga picha moja, urudishe simu mfukoni, umshike bibi mkono angali nawe.