Mtaimbo Uliopita Kichwani
Mwaka 1848, huko Vermont, Marekani, msimamizi wa vibarua wa reli, Phineas Gage, alikuwa akishindilia baruti kwenye tundu la mwamba ilipolipuka. Mtaimbo wa kilo 6 ukaingia chini ya shavu la kushoto, ukatokea utosini. Hakufa, alipelekwa mjini kwa mkokoteni wa ng'ombe, ameketi wima. Ila daktari wake, John Harlow, aliandika kuwa yule mtu makini sasa anatukana ovyo na hadumu na mpango wowote.

Basi adabu, tunayoihesabu kuwa ya roho, imekaa kwenye nyama? Wapo wanaojibu kwamba ubongo ni zumari tu: ikipasuka, mpigaji yupo palepale. Jibu zuri, lakini halitoshi. Zumari mbovu huharibu sauti. Haimfanyi mpigaji auchukie wimbo alioupenda, na kwa Gage kilichogeuka ni matakwa yenyewe. Nisizidishe, lakini. Baadaye aliendesha magari ya farasi nchini Chile kwa miaka kadhaa, kazi isiyomfaa mtu asiyejizuia. Huenda seli za neva zilizosalia zilijifunza upya, na hapo mwenye hoja ya zumari anarudi kuuliza: nani alizifundisha?