Ujiji Iko Wapi?

Muulize mwenyeji wa Kigoma Ujiji iko wapi, naye atanyoosha mkono kuelekea kusini. Utapanda gari, na kabla hujatulia kitini umekwisha fika. Swali hilo hilo akiulizwa mkutubi wa chuo kikuu, na mtafiti anayetaka kuchora njia za misafara ya karne ya 19, jawabu hugeuka kuwa zito. Kompyuta haikubali kunyooshewa mkono. Inataka latitudo na longitudo, tena inataka nukta moja.

Nukta hiyo iwekwe wapi? Burton na Speke walipofika ziwani mwaka 1858, Ujiji lilikuwa jina la nchi ya Wajiji. Mahali penye soko, walipopiga kambi, Burton alipaita Kawele. Baadaye jina la nchi likaumeza mji. Ufuko nao haukutulia. Maji ya Tanganyika yalikuwa juu hadi mwishoni mwa miaka ya 1870, mto Lukuga ulipozibua njia yake upande wa magharibi, na ziwa likashuka kwa mita kadhaa. Aliyeteremka mtumbwini mwaka 1871 hakukanyaga mchanga ambao mjukuu wake angekuja kuukanyaga. Kisha reli ya Wajerumani ikafika Kigoma mwaka 1914, bandari ikahamia huko, na Ujiji ikabaki na miembe yake.

Siku hizi maktaba nyingi za vyuo vikuu, hasa Ulaya na Marekani, zina wakutubi ambao kazi yao ni kuwasaidia wanafasihi na wanahistoria katika mambo ya ramani. Huichukua ramani kuukuu, wakatafuta ndani yake rasi au makutano ya mito yanayojulikana hata leo, wakaivuta na kuinyoosha hadi ikae juu ya ramani ya sasa. Huandaa pia orodha ya majina ya mahali, na miaka ambayo kila jina lilitumika. Kazi hii husifiwa kama ufundi, nayo ni ufundi kweli. Lakini kila nukta ni ushahidi, na shahidi huulizwa amejuaje.

Wamisionari Erhardt na Rebmann, waliokaa pwani ya Mombasa, walichora ramani ya bara iliyochapishwa mwaka 1856, yenye ziwa moja kubwa mno mfano wa koa. Ilichekwa sana. Waliowahadithia walikuwa watu wa misafara, na kila mmoja alieleza kwamba njia yake, baada ya siku kadhaa, huishia kwenye maji. Walisema kweli: palikuwa na maji ya Nyasa, ya Tanganyika na ya Nyanza. Aliyeyaunganisha ni mchoraji. Hata hivyo majina ya wachoraji yamehifadhiwa, na wasimulizi hawana majina. Tena asidhani mtu kwamba vyombo vya kupimia vilimaliza makosa. Burton alirudi na kimo cha ziwa cha futi 1,850, ilhali kimo chake ni zaidi ya futi 2,500. Kipimo nacho hukosea, ila hukosea kwa sauti ya kujiamini.

Hapo linazaliwa swali lililo gumu kuliko la Kawele. Ujiji ni mji wa Wamanyema pia. Baadhi ya wazee wao walivuka ziwa wakiwa wafanyabiashara au wafuasi wa matajiri wa misafara, na wengine walivushwa wakiwa watumwa. Wengi, baada ya kupata uhuru wao, walijiita waungwana, na wajukuu wao wakaukulia uungwana huo. Tanzania iliiorodhesha njia ya utumwa na pembe, kutoka Bagamoyo hadi Ujiji, katika orodha yake ya awali ya urithi wa dunia mwaka 2006. Kuchora njia hiyo ni haki ya waliotembezwa humo. Lakini mtafiti akiongeza mitaa, kisha nyumba, akatia rangi kwa asili ya wenyeji, ramani itakuwa imemtaja mtu bila ya kumtaja jina. Jirani atasoma rangi ile. Mchumba atarejeshwa.

Wako watakaosema kuficha ni kuwalinda mabwana wa zamani, na hoja yao haipuuziki: kimya cha pwani na cha bara kimewafaa wengi waliokuwa na mengi ya kujibu. Ila iko tofauti kati ya kumfichua aliyeuza na kumvua nguo mjukuu wa aliyeuzwa. Mkutubi hana budi kuiona tofauti hiyo kabla ya mtafiti, kwa kuwa mtafiti ataondoka na kitabu chake, na faili itabaki maktabani ikifunguliwa na kila ajaye.

Katika jedwali la mkutubi, pembeni mwa digrii, pana nafasi ya safu mbili zaidi: nani kasema, na kwa idhini ya nani. Kwa njia nyingi za ziwani safu ya kwanza itakaa tupu, na heri msomaji auone utupu huo kuliko kuzibiwa kwa jina la mzungu aliyepita. Kawele ipewe duara pana badala ya nukta. Na zile nyumba za mtaani zingoje, mpaka atokee mtu wa kwenda kuketi barazani Ujiji na kuwauliza wenyewe.